Hesabu Haiachwi Mlangoni pa Maabara

Nina neno, na hasa nawalenga wenzangu wa Kidato cha Tatu. Kuna usemi umeshika sana hapa shuleni: "Hesabu zilinishinda kitambo, lakini Kemia naipenda." Hata mimi niliusema. Nilidhani Kemia ni rangi kubadilika na mapovu kutoka, basi.

Kilichonitoa usingizini ni lile jaribio la sodiamu thiosalfeti na asidi ya haidrokloriki. Si mnalijua? Unachora alama ya X kwenye karatasi, unaweka bika juu yake, unamimina asidi, kisha unangoja salfa itande mpaka X isionekane tena. Muhula uliopita nilipima muda vizuri ajabu. Lakini nilipofika kwenye ile safu ya mwisho ya jedwali, 1/t, nikaona ni usumbufu wa bure, nikachora grafu ya sekunde tupu. Mstari ukateremka huku umepinda, nami nikaandika bila wasiwasi: "Kasi inapungua thiosalfeti inapoongezeka." Zilizopungua ni alama zangu!

Hebu fikiria mtungi wa lita 20 pale mferejini. Siku maji yakiwa na nguvu unajaa kwa dakika 2; siku mfereji umelegea, dakika 4. Mtungi ni ule ule, kwa hivyo muda ukiwa maradufu, kasi ni nusu. Salfa inayoficha X nayo ni kama mtungi huo: kila mara inahitajika karibu kiasi kile kile. Sekunde 20 zinakupa 0.05, ukipunguza thiosalfeti nusu ukapata sekunde 40, hiyo ni 0.025. Chora hizo sasa, uone zinavyojipanga kwenye mstari ulionyooka. Kemia yenyewe ilikuwa ndani ya safu niliyoiruka.

Tuje kwenye chumvi kuyeyuka majini. Gramu 100 za maji zenye joto la nyuzi 60 huweza kuyeyusha kama gramu 110 za potasiamu naitreti. Zikipoa hadi nyuzi 20, hubakia na kama gramu 32 tu. Toa: gramu 78 zinakaa chini, fuwele safi. Sasa fanya vivyo hivyo kwa chumvi ya jikoni. Ni kama gramu 37 ukitoa 36. Gramu moja, jameni! Ndiyo maana kule Gongoni, pwani ya Kilifi, maji ya bahari huachwa kwenye mabwawa yakaushwe na jua. Anayengoja chumvi ianguke kwa kupoza maji atazeeka kabla ya kupata ya kutia kwenye mboga. Siri yote hiyo ni kutoa, hesabu ya shule ya msingi.

Mwalimu alitwambia pia kuwa katika mimenyuko mingi, joto likipanda kwa nyuzi 10, kasi huwa takriban maradufu. Akauliza: kutoka nyuzi 20 hadi 60 je? Darasa zima likajibu mara 8. Ni mara 16, bwana. Tulijumlisha mahali pa kuzidisha.

Lakini lawama si zetu peke yetu, na walimu wetu wapendwa wanisamehe. Katika Hesabu mwinamo wa mstari ni x na y zisizo na harufu wala rangi. Katika Kemia tunaambiwa "unganisha nukta" na kengele inalia. Mwinamo ni ule ule, ila hakuna aliyetukutanisha nao. Naomba walimu wa idara hizi mbili waingie maabara pamoja, alasiri moja tu kila muhula, wafundishe grafu moja kutoka bika hadi jibu. Najua nitaambiwa ratiba imejaa. Ijumaa baada ya michezo maabara huwa tupu, na vyombo tutaosha wenyewe.