Mlinda Mlango na Kosa Lake Moja



Ndugu wasomaji, Ijumaa iliyopita, baada ya Swala, mama mmoja wa hapa mtaani kwetu Gongoni alifika ofisi ya msikiti akaomba kuzungumza na kamati. Hakuja kwa ajili ya mchango wala msiba. "Ustadhi," alituambia, "mwanangu hataki tena kuja madrasa. Nimemuuliza sababu, anasema huko nako wanamwita lile jina."

Jina hilo tunalijua. Kijana huyo ana miaka 15, naye ni mlinda mlango wa timu ya vijana wa mtaa. Katika mechi ya Idi alidaka mashuti makali ambayo leo hakuna anayeyakumbuka. Kisha, dakika za mwisho, mpira mwepesi ukampita katikati ya miguu na timu ikafungwa 1 kwa 0. Mtu mzima mmoja, ambaye huswali safu ya mbele, akapaza sauti na kumwita "Mlango Wazi". Watu wakacheka. Nasi tulikuwapo, na hatuna budi kukiri kwamba tulicheka.

Ndiyo maana juma hili tumeona tuizungumze kazi ya mlinda mlango, kwa kuwa ndani yake mna somo la malezi.

Mshambuliaji akikosa mabao matano na kufunga la sita, hubebwa mabegani. Mlinda mlango akiokoa matano na kufungwa la sita, huulizwa alikuwa wapi. Lango analolinda lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, na mpira wa penalti huwekwa umbali wa mita 11 tu. Mwenzake akikosea, yupo wa kumsitiri nyuma yake. Yeye akikosea, nyuma yake kuna nyavu peke yake.

Katika nchi yetu, aliyeonja utamu na uchungu wa kazi hii kwa miaka mingi ni Juma Kaseja. Ni mtoto wa Kigoma, mwisho wa reli hii inayopita hapa Tabora, upande ule ule ambako misafara ya kale ilitoka Ujiji kuja kwetu na kuendelea hadi Bagamoyo. Mwaka 2003, akiwa bado kijana mdogo, alisimama langoni mwa Simba mjini Cairo dhidi ya Zamalek, waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika. Simba walikuwa wameshinda 1 kwa 0 Dar es Salaam, wakafungwa 1 kwa 0 kule Misri, na mshindi akatafutwa kwa mikwaju ya penalti. Kaseja akaokoa, Simba wakashinda 3 kwa 2, na bingwa akavuliwa taji. Usiku ule nchi nzima ililiimba jina lake.

Lakini sifa za watu hazina mkataba. Miaka ya kocha Márcio Máximo wa Brazil, kuanzia 2006 hadi 2010, Kaseja aliachwa nje ya Taifa Stars kwa sehemu kubwa, huku mashabiki wakibishana vijiweni. Alirejeshwa mwaka 2010. Kisha, Desemba 2013, akiwa tayari ameihama Simba na kuvaa jezi ya Yanga, watani wa jadi walikutana na Yanga ikalala 3 kwa 1. Mojawapo ya mabao yale lilitokana na kosa lake. Wapo waliosahau Cairo siku ile ile. Nafasi yake langoni ikachukuliwa na mwingine, na kwa wengi habari yake ikawa imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Alikwenda kudakia Mbeya City, kisha Kagera Sugar, kisha KMC ya Kinondoni, mbali na kelele za timu mbili kubwa. Mwaka 2019 kocha Etienne Ndayiragije, aliyemfahamu kwa ukaribu tangu KMC, alimwita tena Taifa Stars. Agosti mwaka huo, jijini Nairobi, Tanzania iliitoa Kenya kwa penalti 4 kwa 1, Kaseja akiwa langoni. Septemba, Dar es Salaam, ikawa zamu ya Burundi katika kuwania Kombe la Dunia: sare ya 1 kwa 1, kisha penalti, na Burundi hawakupata hata moja. Kaseja alikuwa na miaka 34.

Tunajifunza mambo mawili hapa. La kwanza ni subira, nayo subira si kukaa kitako. Mtu hadaki penalti za taifa katika umri ule kwa kubahatisha; lazima alikuwa akijitunza na kujinoa katika siku ambazo hakuna aliyemshangilia. La pili, ambalo aghalabu tunalisahau, ni kwamba wako watu waliompa glovu tena. Subira yake peke yake isingemrudisha uwanjani kama milango yote ingefungwa.

Ndugu wasomaji, Suratul-Hujuraat, aya ya 11, imetukataza kudharauliana na kuitana majina mabaya. Aya hiyo tunaisomesha madrasani. Anas bin Malik (r.a.) alimtumikia Mtume (s.a.w.) miaka kumi tangu utotoni, na amesimulia kwamba hakuwahi kuambiwa hata "uff", wala kuulizwa kwa nini amefanya jambo fulani. Je, watoto waliolelewa na sisi watasimulia nini juu yetu?

Wazazi, mtoto akirudi nyumbani ameshindwa, iwe uwanjani au kwenye mtihani, mpeni maji, mpeni chakula, mwacheni apumzike. Masahihisho yatafanywa kesho, faraghani, na mtu mmoja mwenye upole. Na aliyemkosea mtoto hadharani asidhani kwamba umri wake unamwondolea wajibu wa kuomba radhi.

Jumapili baada ya Alasiri tulikwenda watatu nyumbani kwa yule mama, na mmoja wetu alikuwa yule mzee wa safu ya mbele. Alikaa mkekani mbele ya kijana, akamwambia, "Mwanangu, nilikukosea. Nisamehe." Kijana hakujibu kwa muda mrefu. Kisha alisema, "Nimekusamehe, babu," akainuka kwenda kututilia chai.

Jumatatu alirudi madrasa. Alikaa karibu na mlango, mahali ambapo ni rahisi kuondoka, lakini hakuondoka. Uwanjani hajarudi, wala hatumharakishi. Tumemwomba kocha wa timu asimpe mwingine glovu zile bila kumuuliza yeye kwanza, naye amekubali. Zimewekwa katika kabati ya ofisi ya msikiti, na kijana anajua ufunguo uko kwa nani.

Allah atujaalie ndimi zenye kujenga. Amin.