SI MJINGA, SI MVIVU

Ndugu Wanaushirika,

Katika mkutano wetu uliopita ndugu yetu mmoja alipewa karatasi ya mapato atusomee. Alikwama mstari wa kwanza, watu wakacheka. Baadaye nikasikia maneno kwamba asichaguliwe tena kwenye kamati, ati ni mjinga. Mimi nasema hapo tulikosea.

Ndugu huyo anajua kichwani kila mmoja wetu alileta ndoo ngapi za dagaa. Akili anazo. Kinachomsumbua ni herufi. Ugumu huu unaitwa disleksia. Mtu huzaliwa nao, na mara nyingi hufuata ukoo. Ubongo wake hupata taabu kuunganisha herufi na sauti yake.

Nayasema haya kwa sababu mimi mwenyewe ninao. Nilipokuwa mtoto nilichapwa sana kwa kuandika "dada" mahali pa "baba". Kusoma nilikuja kujua ukubwani, katika darasa la watu wazima, kwa mwalimu aliyetutamkisha ba, be, bi, bo, bu pole pole bila kutucheka. Hata leo gazeti hili la ukutani hunichukua jioni tatu, na binti yangu hulisahihisha.

Sasa tujibu yanayosemwa mitaani:

"Ni macho." Siyo. Miwani haiondoi ugumu huu.

"Ni uvivu." Mstari unaousoma wewe mara moja, yeye huurudia mara tatu. Nani mvivu hapo?

"Amerogwa." Hapana, hajarogwa na mtu.

"Fimbo itamnyoosha." Fimbo humfundisha kuogopa daftari, basi.

"Mbona siku hizi anasoma? Amepona." Hajapona, amejifunza njia. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa, kwa hiyo wengi wetu tunafika, ila tunachelewa. Kiingereza ndicho hututesa zaidi.

Nchi yetu ilifanya kazi kubwa. Mwaka 1967 watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma. Kufika 1986 walihesabiwa kama 10 tu. Hapa Mwanza tulikuwa na mradi wa kisomo ulioanza 1968 kwa msaada wa UNESCO. Lakini wale waliobaki nyuma tuliwaita wavivu. Hatukuuliza kama wengine wao walikuwa na ugumu huu.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, stakabadhi na hesabu asomewe kila mwanachama kwa sauti, bila yeye kuomba. Maana anayeona aibu kuuliza ndiye anayepunjwa. Pili, kiongozi tumpime kwa uaminifu na kazi yake, si kwa kasi ya kusoma. Tatu, mtoto anayekwama apewe muda, na mzazi aende akazungumze na mwalimu wake.

Na yule ndugu yetu, uchaguzi ukifika, mimi nitampigia kura.

Elimu haina mwisho.

Katibu wa Tawi, Mirongo