Picha Isiyo na Lebo Si Ushahidi

Slaidi ya damu ikifika maabara bila jina la mgonjwa wala tarehe, mtaalamu makini haisomi, huirudisha. Anajua kwamba jibu sahihi likiwekwa kwenye faili la mtu mwingine laweza kuua. Nidhamu hiyo yapasa kudaiwa pia kwa picha za setilaiti, ambazo hutumika kukadiria mahali malaria itakapopanda.

Kahe, tambarare iliyo kusini mashariki mwa mji wa Moshi, hupokea maji ya mito na chemchemi zitokazo upande wa Kilimanjaro. Maji yakituama, Anofelesi hutaga. Yai huchukua takribani wiki moja hadi mbili kuwa mbu kamili. Vimelea huhitaji siku kama 10 hadi 14 kukomaa ndani ya mbu. Kisha wiki moja hadi mbili hupita kabla aliyeng'atwa hajashikwa na homa. Maji yaonekanayo leo kutoka angani ni wagonjwa wa mwezi ujao. Kwa hiyo mganga wa zahanati anayeagiza vipimo vya haraka na dawa mseto anahitaji kujua siku picha ilipopigwa, si siku ramani ilipochapishwa.

Siku hiyo haimo katika rangi za picha. Imo katika metadata, yaani taarifa zinazoieleza picha: setilaiti gani, tarehe na saa, eneo, kiasi cha mawingu, na toleo la uchakataji. Picha zenyewe hazikosekani. Hazina ya Landsat, iliyoanza mwaka 1972, imekuwa bure tangu 2008. Kinachopotea njiani ni lebo.

Madhara yake ni dhahiri. Tarehe 25 Januari 2022 Shirika la Anga la Ulaya lilibadili uandishi wa picha za Sentinel-2: kila thamani iliongezewa 1000, na mtumiaji hutakiwa kuipunguza kabla ya kulinganisha na picha za toleo la zamani. Asiyesoma metadata ataona Kahe imebadilika, kumbe iliyobadilika ni hesabu. Vilevile, asilimia ya mawingu huhesabiwa kwa picha nzima. Mlima ukijifunika, picha yaweza kutupwa hali tambarare ya Kahe iko wazi.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya wataalamu wa kompyuta, na zahanati ina kazi tele. Lakini picha peke yake haitoshi. Utafiti katika skimu ya Lower Moshi ulionyesha kwamba kijiji cha mpunga chaweza kuwa na mbu wengi zaidi, ila malaria kidogo kuliko kijiji jirani kisicholima mpunga. Maji ya kwenye picha hupata maana yakilinganishwa na rejesta za MTUHA, nazo zina lebo zake: kijiji, kitongoji na tarehe. Mgonjwa anayeandikwa "Kahe" tu ni sawa na picha isiyo na mahali.

Basi kila ramani inayofikishwa kituoni ibebe tarehe ya picha, chanzo, toleo na hali ya mawingu, na nakala ya taarifa hizo ihifadhiwe wilayani. Ikikosa, irudishwe kama slaidi isiyo na jina. Naye mgonjwa, anapoulizwa kitongoji chake na mahali alipolala wiki mbili zilizopita, ajibu kwa ukamilifu. Jibu lake ni sehemu ya ramani hiyo.