Shinyanga ya Tumaini haijaisha

Kuna kauli inayorudiwa sana miongoni mwetu tuliosoma Kiswahili chuoni: kwamba *Dunia Uwanja wa Fujo* ya Euphrase Kezilahabi imepitwa na wakati. Ujamaa umekufa, kwa hiyo riwaya inayouhoji nayo ikae kabatini pamoja na kadi za TANU. Napinga. Tena napingia hapahapa Shinyanga, maana ndiko Kezilahabi alikomleta Tumaini kutoka Ukerewe, akampa shamba kubwa na vibarua, kisha akamnyang'anya.

Ambaye hajaisoma anisamehe, nitamwambia mwisho wake. Shamba linachukuliwa kwa jina la umma, Tumaini anamuua kiongozi wa serikali, naye ananyongwa. Darasani hayo yakageuzwa dhamira za kukariri: mgongano wa matabaka, athari za Azimio la Arusha. Watu wakafaulu, wakakifunga kitabu.

Lakini Kezilahabi hakuandika kijitabu cha sera. Riwaya ilitoka 1975, mwaka uleule wa Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa. Angetaka kuifurahisha serikali, angemchora Tumaini mnyonyaji mtupu. Angetaka kuikomoa, angemfanya mtakatifu. Tumaini wake ni mponda mali aliyejirudi, anayetajirika kwa jasho la vibarua, na bado anaponyang'anywa unaumia naye. Riwaya inakunyima raha ya kuchagua upande.

Sasa panda basi, pita Kahama, nenda Geita. Fika Rwamgasa au Nyarugusu, uulize dhahabu ni ya nani. Kuna mwenye shamba, kuna mwenye leseni, kuna mwenye duara, halafu kuna anayeshuka na kamba, ambaye ujira wake ni mifuko ya mawe asiyojua yana nini mpaka yapite kwenye karasha. Kisheria, ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na madini ni mali ya Jamhuri. Umma, tena. Neno lililochukua shamba la Tumaini bado liko kazini.

Agosti 1996 maelfu ya wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, mkoa huuhuu wa Shinyanga, kumpisha mwekezaji. Yaliyotokea siku zile yanabishaniwa hadi leo. Ila halibishaniwi hili: Azimio la Zanzibar lilikuwa limeshapita miaka mitano, soko huria limeshakaribishwa sebuleni. Hapo hakukuwa na Ujamaa wa kulaumiwa.

Nitaambiwa mambo yamebadilika: sheria za 2017, soko la madini Geita tangu 2019, hisa 16% za serikali katika kampuni ya Twiga. Yamebadilika kweli, wala sidharau. Mchimbaji mwenye leseni yake leo ana pa kusimama ambapo mwenzake wa 1996 hakuwa napo. Lakini asilimia ni mazungumzo ya waliokwisha kukaa mezani. Riwaya inauliza jambo lisilo na safu kwenye hesabu hizo: mtu akinyang'anywa kwa utaratibu kabisa, kwa barua yenye muhuri, hasira yake inakwenda wapi?

Nina ugomvi pia na kundi la pili, hawa vijana wa ujasiriamali (wengine rafiki zangu) wanaomsoma Tumaini kama shujaa aliyeonewa kwa sababu ya juhudi zake. Wanaruka kurasa. Mwenye duara akifukuzwa na mwenye leseni, atalia kama Tumaini, na nitamwonea huruma. Kisha nitamuuliza duara lake limewahi kufukia wangapi, waliofukiwa familia zao zilipata nini, na ni nani pale mwaloni anayekamua zebaki kwa mikono mitupu.