Uvumi si Mtaji

Wazee walisema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii ina heshima yake, lakini katika mambo ya fedha ni mshauri mbaya. Mwishoni mwa mwaka 2008 ilisemwa kwamba hekta 40,000 za Delta ya Tana zingekodishwa kwa Qatar. Lilisemwa hata magazetini, wala halikuja. Nataka kuonya juu ya uvumi wa namna hiyo katika soko la hisa, maana vijana wa Garsen wanaotuma fedha kwa simu leo, kesho watanunua hisa kwa simu hiyo hiyo.

Hisa ni sehemu ya kampuni. Kampuni kubwa ikitaka kumeza ndogo, aghalabu huwapa wenye hisa bei iliyo juu ya ile ya soko. Basi neno likipita tu kwamba kampuni fulani itanunuliwa, watu hukimbilia hisa zake, na bei hupanda. Imepandishwa na nini? Si faida wala kazi mpya. Imepandishwa na midomo. Kampuni ndogo za teknolojia huathirika zaidi, kwa kuwa hisa zao sokoni ni chache, na sehemu kubwa ya thamani yao ni tumaini la kesho.

Watetezi wa uvumi watanitajia AccessKenya, kampuni ya intaneti iliyouzia umma hisa mwaka 2007 kwa shilingi 10 kila moja; mwaka 2013 Dimension Data ya Afrika Kusini ikataka kuinunua kwa shilingi 14. Ni kweli. Lakini shilingi 14 zilikuja kwa tangazo, si kwa mnong'ono. Nami nitawatajia KenolKobil, kampuni ya mafuta. Mwaka 2012 ilitangazwa kwamba Puma Energy inazungumza nayo ili iinunue. Mwaka 2013 mazungumzo yakavunjika, na bei ya hisa ikaanguka. Ikiwa mazungumzo yaliyotangazwa hufa, mnong'ono una uhai gani?

Watasema tena: anayengoja tangazo hukuta bei imekwisha panda. Nawajibu hivi: anayejua siri ya kampuni kabla ya tangazo, sheria yamkataza kununua, na asiyejua, anacheza kamari. Hakuna njia ya tatu.

Mvua ikinyesha milimani na watu wakapiga kelele kwamba mto unakuja, mkulima wa Garsen mwenye busara hapuuzi, wala hakimbii ovyo. Huuliza maji yamefika wapi huko Garissa. Soko nalo lina Garissa yake: kanuni za mwaka 2002 zamtaka anayekusudia kuitwaa kampuni iliyo sokoni atangaze kusudi lake hadharani, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ndiyo msimamizi.

Kwa hiyo, mtu akikunong'oneza kwamba kampuni fulani itanunuliwa, muulize: tangazo liko wapi? Kisha muulize: wewe mwenyewe unazo hisa ngapi, na unatafuta nani wa kuzinunua? Asipokuwa na jibu, weka fedha zako mfukoni. Zilipatikana kwa jasho la wazazi wako shambani na malishoni, wala hazistahili kupotea kwa maneno ya mtu asiyetaka hata kutaja jina lake.