Kisanduku cha dawa nacho kinahitaji wakala

Mkulima wa Nyanda za Juu Kusini anayeanza dawa za kifua kikuu mwanzoni mwa Novemba huzimaliza mwishoni mwa Aprili. Katikati hapo kuna kupanda, palizi na kuweka mbolea. Miezi miwili ya kwanza humeza dawa za aina nne, minne inayofuata aina mbili. Kikohozi huisha mapema, nguvu hurudi na shamba linasubiri. Hapo dozi huanza kurukwa, na ugonjwa hupata mwanya wa kuwa sugu.

Ni kwa sababu hiyo vikabuniwa visanduku vya dawa vyenye kadi ya simu ndani. Saa ya kumeza ikifika kisanduku hulia. Kikifunguliwa, taarifa humfikia muuguzi kwa mtandao. Kisipofunguliwa, nako huonekana. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizokijaribu, pamoja na Ethiopia, Afrika Kusini, Ufilipino na Ukraine.

Kiuchumi, wazo hili lina mantiki. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure, lakini safari ya zahanati si bure. Kuna nauli ya bodaboda, kibarua kilichopotea na genge lililofungwa tangu asubuhi. Kila safari inayopunguzwa ni fedha inayobaki nyumbani.

Hata hivyo, kufungua kisanduku si kumeza dawa. Anayekwenda shamba la mbali atachukua vidonge vya siku tatu mara moja, na kumbukumbu itaonyesha ameruka siku mbili. Mwenye genge naye hatapenda kitu kinacholia mbele ya wateja, atakiacha uvunguni.

Utafiti wa China uliochapishwa mwaka 2015 una somo. Miezi ambayo mgonjwa aliruka angalau asilimia 20 ya dozi ilikuwa kama asilimia 30 kwa huduma ya kawaida, ikashuka hadi 17 kwa wenye kisanduku kinacholia. Ujumbe wa simu peke yake uliishia 27. Ajabu ni kwamba kisanduku kile hakikutuma chochote hewani. Daktari alisoma kumbukumbu zake kila mwezi akiwa na mgonjwa, na aliyeruka sana alipangiwa usimamizi wa karibu zaidi.

Wafanyabiashara wanalielewa hili. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, simu haikubeba noti. Noti zilihesabiwa na wakala pale kibandani, naye alilipwa kamisheni. Kwenye dawa, wakala huyo ni mhudumu wa afya wa kijiji, ambaye mara nyingi hutarajiwa kujitolea.

Bajeti ikinunua visanduku 100 bila kutenga posho, vocha na mafuta ya pikipiki, muuguzi ataona kwenye skrini kwamba mgonjwa hajafungua kisanduku siku nne, na hatakuwa na mtu wa kumtuma.