MCHUKUA MAJI APEWE KAULI

Kila mfanyakazi wa Chang'ombe na Keko alijua bakuli la mchicha likaalo kando ya ugali wake. Wachache hujiuliza mchicha ule umenyweshwa maji gani, na nani aliyeyabeba. Leo twataka tuliulize swali hilo, kwa kuwa maji ya bustani zetu za Temeke si ya kutegemewa tena.

Mwaka 2022 mvua zilikuwa haba, mto Ruvu ukapungua mno, na Dar es Salaam ikapata maji kwa zamu. Miaka kumi na mmoja kabla yake, Desemba 2011, mvua za siku chache zilileta mafuriko yaliyoua watu na kuzoa mali mabondeni. Ndiyo hali tuliyo nayo: kiangazi kikali, kisha gharika. Visima vilivyo karibu na bahari navyo huingiwa na chumvi, na mitaro ipitayo kando ya viwanda hubeba taka zisizofaa kumwagiwa mboga.

Mkulima hakukaa bure akiililia hali hiyo. Tuta la kiangazi hulichimba chini ya usawa wa ardhi lihifadhi maji; la masika huliinua yasilizamishe. Hufunika udongo kwa nyasi kavu. Mchicha, wenye kiu asubuhi na jioni, huupunguza apande matembele, ambayo ni mavumilivu zaidi. Maarifa hayo ni mema, na twayasifu.

Lakini lipo jambo lipasalo kusemwa wazi. Maji yakiwa mbali, ndoo huwa ya mwanamke. Fedha za pampu zikipatikana, aghalabu pampu huwa ya mwanaume. Mwenye pampu humaliza matuta yake yote na mwenye ndoo angali njiani. Mboga zake hufika soko la Temeke Stereo wakati bei ni nzuri. Kisima kikipungua, mwenye ndoo ndiye wa kwanza kukosa. Huiacha bustani, au hushuka mtaroni kuteka maji machafu. Hapo hasara si yake peke yake, bali humfikia mfanyakazi katika bakuli lake.

Wapo watakaosema kwamba ndivyo desturi ilivyo. Kweli, hata Kilimanjaro mifongo ya kumwagilia migomba ilikuwa mikononi mwa wanaume. Lakini desturi si amri. Azimio la Arusha la 1967 lilikwisha kutamka kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko watu wote, likawakemea wanaume wanaostarehe. Sheria za Ardhi za 1999 nazo zampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kupata na kumiliki ardhi. Taabu ni kwamba bustani nyingi za mjini zimo katika ardhi ya kuazima, isiyo na hati. Mahali pasipo hati, neno la majirani na la kamati ndilo linaloamua nani anyweshe na nani angoje. Basi neno hilo liwe la haki.

Twataka mambo matatu. Kwanza, halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hizo asilimia 4 ni za wanawake. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Vikundi vya wanawake wakulima vya Temeke visaidiwe kuiomba kwa ajili ya pampu na visima, na chombo kiandikwe kwa jina la kikundi, si la mume wa mtu. Pili, penye kisima cha pamoja zamu ziandikwe, na wanawake wawemo katika kamati kama wenyeviti na waweka hazina, si kama wapika chai. Tatu, matawi yetu na mabalozi wa mashina wayasimamie hayo, na wasingoje magomvi yazuke kisimani.

Ndugu wanachama, usawa tuuhubirio katika mikutano hupimwa kisimani, siku ya kiangazi, maji yakiwa ndoo tano na watu kumi. Anayejua kina cha kisima ni yule akitekaye kila alfajiri. Yeye ndiye astahiliye kuulizwa kwanza.